Tukijue Kwanza Kimotokari Hiki

Juma hili twaacha kidogo mazungumzo ya shamba na ya nyumba, tupate kusema juu ya kitu ambacho wengi hukiita mchezo wa watoto. Ni kimotokari kinachoongozwa kwa redio, kile chenye nguvu cha kukimbia penye mawe na mashimo, ambacho wakipendao hukiita bagi. Urefu wake ni nusu mita tu, uzito wake kilo tatu na nusu, na mtu hukichukua kwapani kama achukuavyo kuku wa sokoni. Lakini tulipokishika mara ya kwanza hatukujua tumeshika nini, na mtoto wa watu akaumia. Ndiyo sababu tunaandika.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1898, mjini New York huko Marekani, mtaalamu Nikola Tesla alionyesha watu mashua ndogo juu ya maji. Hapakuwa na kamba wala waya kati yake na mashua ile, nayo ilikwenda na kugeuka kama alivyotaka. Mashua hiyo twaweza kuiita babu wa vyombo vyote viongozwavyo kwa redio. Miaka mingi ilipita kabla ya vyombo hivyo kufika mikononi mwa vijana. Mwaka 1976 kiwanda cha Tamiya, cha mji wa Shizuoka huko Ujapani, kilitoa kimotokari chake cha kwanza cha redio, mfano wa Porsche 934, nacho kilitaka mahali palipo sawa. Mwaka 1979 kiwanda hichohicho kikatoa viwili vya kukimbia mchangani, Rough Rider na Sand Scorcher. Mwaka 1984 Wamarekani wa Team Associated wakatoa bagi iitwayo RC10, yenye kiunzi cha alumini, na mwaka 1985 pakafanyika mashindano ya dunia ya bagi za umeme huko Del Mar, California. Basi, chombo hiki tangu mwanzo wake kimetengenezwa na watu waliotaka kushindana kwa mbio. Kukiita mchezo wa watoto ni kujidanganya.

Hicho tunachokisema kilifika kwetu hivi. Kijana mmoja, zamani mwanafunzi wetu na sasa fundi wa baiskeli, aliletewa na mjomba wake akaaye Ubelgiji. Hakikuwa kipya, mjomba alikuwa amekitumia miaka mitatu, kisha akakichoka. Kitabu cha maelezo hakikuja nacho. Jumamosi moja ya kiangazi kijana akakileta katika kiwanja cha mpira cha shule yetu. Habari zilikuwa zimemtangulia, na kabla ya saa tisa watoto walikwisha kujipanga pembeni kama siku ya sikukuu.

“Mwalimu, anza wewe,” alisema, akitukabidhi telekomandi kwa mikono miwili.

Yatupasa kusema kweli: tulifurahia heshima ile. Tulikuwa tumesoma fizika seminarini, tulijua maana ya volti na ya ampea, tukajihesabu kuwa twajua. Telekomandi ina umbo la bastola. Ubavuni ina gurudumu dogo la kugeuzia, na mahali pa kidole pana kifyatulio: ukikivuta, kimotokari hukimbia, ukikisukuma mbele, hushika breki. Tulivuta kidogo. Vumbi likaruka, watoto wakapiga vigelegele, nacho kikaenda zake.

Kilipokuwa kikituacha, yote yalikuwa rahisi. Tukigeuza kulia, nacho kulia. Tukakizungusha karibu na goli la mbali, kikaanza kuturudia. Hapo mambo yakapinduka, maana kulia kwake kulikuwa kushoto kwetu. Tulitaka kukiepusha na watoto, kumbe tunakipeleka kwao. Tukaogopa; na mtu aogopaye hufumba mkono. Lakini mkono ukifumbwa juu ya kifyatulio, breki haishiki hata kidogo. Kinyume chake, kimotokari hupewa nguvu yote.

Mvulana wa darasa la nne hakuwahi kuruka. Kilimpiga chini ya goti, kikapinduka, magurudumu yakaendelea kulia hewani. Mfupa haukuvunjika. Katika dispensari walimshona nyuzi nne, naye alichechemea majuma matatu.

Jioni ile tulikwenda nyumbani kwao pamoja na yule fundi. Mama yake alikuwa akichambua maharage uani. Alitukaribisha, akatupa viti, akasikiliza maneno yetu yote mpaka mwisho, bila kuacha kazi yake. Kisha akasema, “Mwalimu, watoto husimama pale mnapowaacha wasimame.”

Hakuongeza neno, nasi hatukuwa na la kujibu. Njiani kurudi tulimwambia kijana: “Mwanangu, hatutakiendesha tena mpaka tumekijua.” Akakubali. Tukatenga Jumamosi sita.

Jumamosi ya kwanza hatukukigusa. Tuliandika hesabu ubaoni, na wanafunzi wakubwa waliotaka kuja walikuja. Juu ya mota palikuwa na namba 2,000. Maana yake ni hii: kwa kila volti moja ya umeme, mota ikiwa haina mzigo, huzunguka mara 2,000 kwa dakika. Betri ilikuwa na seli 4, kila moja volti 3.7, jumla volti 14.8. Zidisheni wenyewe: mara 29,600 kwa dakika. Magurudumu ya meno hupunguza mizunguko hiyo. Tulihesabu meno yake, tukaona kwamba mota ikizunguka mara 11 hivi, gurudumu la chini huzunguka mara moja. Basi gurudumu huzunguka karibu mara 2,690 kwa dakika. Tukapima mzingo wake kwa uzi: sentimita 35. Jibu la mwisho ni mita 940 kwa dakika, yaani kilomita 56 kwa saa. Nyasi, vumbi na upepo hupunguza kidogo, lakini hivyo ndivyo chombo kile kilivyokusudiwa.

Mwanafunzi mmoja akauliza, “Na kikimgonga mtu?” Tukafanya hesabu ya pili. Kitu cha kilo tatu na nusu kiendacho kilomita 56 kwa saa kina nguvu ileile ya jiwe la kilo tatu na nusu lililoanguka kutoka mita 12, yaani kama kutoka kilele cha mti mrefu wa avoka. Darasa likanyamaza. Mvulana aliyeumia alikuwa amekaa mbele, mguu umefungwa bandeji. Siku ile kimotokari hakikuwa kimefikia mwendo wake wote. Ndiyo bahati yetu na yake. Hesabu hiyohiyo ilitufundisha jambo la faraja pia: mwendo ukipunguzwa nusu, nguvu ya kugonga hubaki robo tu. Tulilikumbuka jambo hilo baadaye.

Jumamosi ya pili tulikifungua juu ya meza, na kila skrubu tukaiweka katika kifuniko chake cha chupa ili isipotee. Tukasema wazi mbele ya kijana kwamba tulitumaini kuona ubovu fulani, ili kosa liwe la chombo. Hatukuuona. Mkono wa umeme unaogeuza magurudumu ya mbele, uitwao servo, ulikuwa mzima. Breki ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa la mkono wetu.

Lakini tulijifunza mengi. Mota haisukumi magurudumu mawili tu kama katika motokari nyingi za mjini. Husukuma yote manne, kwa njia ya diferensiali tatu: moja mbele, moja katikati, moja nyuma. Kazi ya diferensiali ni hii: katika kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, yakilazimishwa kuzunguka sawasawa, moja litateleza na kukwaruza. Ndani yake hutiwa mafuta mazito ya silikoni, na uzito wa mafuta hayo hubadili tabia ya chombo kizima. Karibu na kila gurudumu pana amortiseri: springi nje, na ndani pistoni yenye matundu madogo ikisukuma mafuta. Springi peke yake ingekirusharusha kimotokari kama mpira. Mafuta yakipita polepole katika matundu yale huzuia mrusho. Amortiseri moja ilikuwa ikivuja, na nati ya gurudumu moja ilikuwa imelegea nusu mzunguko. Gurudumu dogo la meno la mota lilikuwa limebanwa mno na lile kubwa. Fundi wetu alilegeza, akaweka kipande cha karatasi ya daftari katikati ya meno, akabana, kisha akatoa karatasi. Nafasi iliyobaki ndiyo inayotakiwa. Na zile skrubu ziingiazo katika chuma alizipaka tone la gundi maalum izuiayo kulegea, kwa maana mtikiso hufungua kila kitu.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya redio. Zamani vimotokari vingi vilitumia mawimbi ya megahezi 27, na kila mmoja alihitaji kioo chake kidogo cha kuchagua njia. Wawili wakikutana na njia moja, huyu aliweza kukivuruga chombo cha mwenzake. Redio za sasa hutumia gigahezi 2.4, na telekomandi hufungamanishwa na kipokeaji chake, hivi kwamba hakisikilizi mwingine. Hata hivyo zipo amri mbili za kushika. Kwanza, washa telekomandi, ndipo uwashe kimotokari. Kumaliza ni kinyume: zima kimotokari kwanza, ndipo uzime telekomandi. Kisiachwe kamwe kikiwa kimewaka bila bwana wake.

Pili, jueni kitafanya nini redio ikikatika. Tulikiweka juu ya kisanduku cha mbao, magurudumu yakiwa hewani, tukavuta kifyatulio kidogo, kisha kijana akazima telekomandi kwa makusudi. Magurudumu yalisimama. Hivyo ndivyo inavyopasa. Kama yangeendelea kuzunguka, tusingekishusha chini mpaka kirekebishwe. Jaribio hili halichukui dakika moja, na lingefaa kufanywa kila siku kabla ya kuendesha.

Jumamosi ya nne tulisema juu ya betri, na hapa tunawaomba akina baba na akina mama wasome kwa makini. Betri hii ya lithiamu imefungwa katika mfuko laini, si katika kopo la chuma kama zile za tochi. Seli moja ikijaa huwa na volti 4.2; isiachwe kushuka chini ya volti 3; na ikiwekwa bila kutumiwa, iachwe karibu na volti 3.8. Ikijazwa kupita kiasi, ikitobolewa au ikipondwa, huweza kuwaka moto mkali wenye moshi wa sumu. Kwa hiyo lazima ijazwe kwa chaji yake maalum, ile inayopima kila seli peke yake. Ile ya betri za motokari kubwa haifai. Ijazwe juu ya saruji au tofali, mbali na mikeka na mapazia, na mtu aweko. Asiiache akaenda kulala, wala asiiache akaenda sokoni. Ikivimba kama andazi, kazi yake imekwisha. Isitobolewe na isitupwe jikoni.

Kijana akauliza betri hiyo imetengenezwa na nini. Katika betri nyingi za jamaa hii mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka katika nchi yetu ya Kongo, hasa pande za Kolwezi na Likasi. Aliitazama muda mrefu. Huenda kitu kilichotoka katika udongo wetu kimezunguka dunia, kikarudi ndani ya sanduku la mjomba. Inajulikana pia kwamba katika machimbo ya mikono huko wamekuwamo hata watoto. Hatukusema zaidi, ila tangu siku ile kijana huishika betri yake vingine.

Jumamosi ya tano na ya sita tulirudi kiwanjani. Hatukuwasha kitu kabla ya kupigilia vigingi na kufunga kamba. Watazamaji wote walikaa nyuma ya kamba, na nyuma ya mwendeshaji, kwa maana chombo hakimgongi kwa urahisi aliye nyuma ya yule anayekiangalia. Fundi alipunguza nguvu ya kifyatulio mpaka nusu, jambo ambalo telekomandi nyingi huruhusu kwa swichi au kwa kitufe. Hapo tukaikumbuka ile hesabu ya robo.

Zoezi la kwanza halikuwa la kukimbia. Lilikuwa la kuacha. Mmoja aliendesha polepole, mwingine akapiga makofi ghafla, na mwendeshaji alipaswa kutoa kidole kabisa katika kifyatulio. Tulirudia mara thelathini, mara arobaini, mpaka mkono ukajifunza kufumbuka unaposhtuka. Tunaamini kwamba hilo ndilo somo kubwa kuliko yote katika chombo hiki. Nalo ni gumu, kwa kuwa ni kinyume cha maumbile ya mtu.

Zoezi la pili lilikuwa la kuja na kwenda. Tuliweka makopo mawili, mita kumi kati yake, na kukizungusha kimotokari kwa njia ya namba 8, kwa mwendo wa mtu atembeaye. Kikienda, kikirudi, kikienda, kikirudi. Anayeanza na ajiwazie ameketi ndani yake, ameshika usukani. Hapo kulia hubaki kulia, hata kikimjia usoni. Siku ya kwanza tuliyagonga makopo mara kumi na tisa. Siku ya pili, mara tatu.

Mwishowe tulijaribu kilima kidogo cha udongo ili kiruke. Hapo fizika ilitufurahisha kweli. Kikiwa hewani, ukivuta kifyatulio, magurudumu huongeza mzunguko na pua huinuka. Ukishika breki, pua huinama. Mwendeshaji hodari huitumia sheria hiyo kukitua sawa juu ya magurudumu manne. Sisi si hodari, nacho kilitua mara nyingi kwa mgongo. Lakini mabawa yake ya plastiki ni magumu.

Baada ya kila mchezo kazi haijaisha. Vumbi lipanguswe kwa brashi, nati zishikwe moja moja, mota iguswe kwa hadhari: ikiwa ni ya moto hata kidole hakiwezi kukaa, ama gia haifai, ama mchezo ulikuwa mrefu mno. Kijana asiyetaka kusafisha hastahili kuendesha.

Wazazi wapendwa, hatusemi vyombo hivi ni vibaya. Katika majuma sita wanafunzi wetu walipiga hesabu kwa hiari, walijifunza diferensiali ambayo wengine huisoma kitabuni wasiione kamwe, na fundi wetu wa baiskeli sasa hutengeneza amortiseri za pikipiki kwa akili mpya. Lakini kama ndugu aliye mbali atawaletea chombo cha namna hii, msiulize kwanza kinakimbia kiasi gani. Ulizeni kinasimamaje. Yule atakayekiendesha na awaonyeshe hilo kwanza, kabla hamjamruhusu kutoka nacho mlangoni.

Nanyi vijana, msione haya kuanza kwa mwendo wa kobe. Sisi tuliona haya mbele ya watoto, tukataka kuonekana twajua, na gharama yake haikulipwa na sisi.

Mvulana yule amepona. Kovu limebaki, lenye urefu wa kidole kidogo. Kabla ya Jumamosi ya tano tulikwenda tena kwa mama yake kumwomba ruhusa, naye akafikiri, akasema, “Aende, Mwalimu, ila na yeye apewe kazi.” Tukampa kazi ya kamba. Huzunguka kiwanja chote, huvuta kila kigingi kuona kama kimeshika, huwarudisha nyuma wadogo zake na hata watu wazima. Kisha husimama mahali pake, huinua mkono na kusema, “Tayari, Mwalimu.” Kabla hajasema hivyo, kidole chetu hakikaribii kifyatulio.

Mpaka juma lijalo, wasomaji wapenzi.